Karani wa Mashine Asiachiwe Ufunguo Peke Yake

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa hewani yamechapishwa hapa ili mwanafunzi ayasome tena polepole, peke yake au pamoja na wenzake.)

Natumaini mmekwisha kaa na madaftari yako mezani. Leo hasa nalisalimu darasa la Masumbwe: wakulima wa mpunga na pamba, wachimbaji wa dhahabu, mama lishe, na vijana wa bodaboda wa barabara ya Kahama.

Somo la leo lina jambo moja. Nitalisema sasa, kisha tutalieleza, kisha tutalirudia mwishoni. Jambo lenyewe ni hili: mashine yaweza kufanya kazi ya karani, lakini siri za watu zisiachwe mikononi mwa mashine bila mtu wa kuisimamia. Na mtu huyo lazima awe na uwezo wa kuikatalia mashine.

SIRI ZAKO ZIKO WAPI?

Tuanze na swali. Mara ya mwisho uliweka kidole chako juu ya kioo cha mashine lini? Wengi wenu mtakumbuka mwaka 2019. Tangu tarehe 1 Mei mwaka huo, laini za simu katika Tanzania zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa. Siku hiyo alama ya kidole chako iliingia kazini.

Haya, tuhesabu mahali pengine. Zahanati ina habari za ugonjwa wako. Kampuni ya simu inajua ulimtumia nani fedha, na kiasi gani. Shule ina majina ya watoto wako. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kina deni lako. Habari za namna hii huitwa taarifa binafsi. Zile ambazo zikitoka zaweza kumdhuru mtu sana, kama habari za afya, za fedha, za watoto na alama za mwili, huitwa taarifa nyeti.

Hapo zamani taarifa hizi zilikaa katika daftari, daftari likakaa katika kabati, na ufunguo wa kabati ukakaa mfukoni mwa karani. Ukitaka kujua nani amefungua kabati, unamwuliza karani. Ana jina, ana nyumba, na watoto wake wanasoma na wako. Sasa daftari limeingia katika kompyuta, na karani wa namna mpya ameletwa kulisoma.

KARANI HUYU NI NANI?

Mmesikia maneno "akili mnemba". Maana yake ni akili iliyotengenezwa na watu ndani ya kompyuta. Kompyuta imelishwa maandishi mengi mno, hata ikajifunza kujibu maswali, kuandika barua na kutafsiri lugha. Ukiiuliza neno, inakujibu neno. Mpaka hapo ni kama mtu wa kushauriana naye tu.

Lakini iko hatua ya pili. Siku hizi akili mnemba hupewa kazi nzima, na hupewa funguo za kuifanya. Haingojei kuulizwa kila neno. Inaambiwa lengo, kisha yenyewe inachagua hatua: inafungua daftari, inatafuta majina, inaandika ujumbe, inautuma, inafuta, inalipa. Mashine ya namna hii huitwa wakala wa akili mnemba.

Neno wakala mnalijua. Pale stendi yuko wakala wa kuweka na kutoa fedha kwa simu. Yeye pia hufanya kazi kwa niaba ya mwingine. Lakini wakala yule ni mtu. Akikosea, unarudi kibandani kwake na kumwambia, "Ndugu yangu, umetuma kwa namba siyo." Wakala wa mashine hana kibanda. Hafanyi miamala 100 kwa siku, hufanya maelfu kwa dakika chache. Na kosa lake, likiwa kosa, hurudiwa mara maelfu kabla mtu hajamaliza kunywa chai.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu nimeutunga ili tuelewe. Si habari ya mahali fulani.

Kliniki moja ina wauguzi wachache na wagonjwa wengi. Wakuu wake wanaweka wakala wa mashine na kumwambia: "Wakumbushe kwa simu wagonjwa wote ambao hawakuja kuchukua dawa." Ni kazi njema. Mgonjwa akikumbushwa, anapona au anaishi vizuri. Wala si haki kusema mashine ni mbaya. Karani mmoja hawezi kupiga simu 600 kwa siku.

Sasa mama mmoja anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Zamani aliandikisha namba ya simu ya nyumbani, na simu hiyo inashikwa na shemeji yake. Muuguzi anayemjua angesita. Angesema, "Huyu tusimtumie ujumbe, tumngoje aje sokoni Jumamosi." Mashine haijui habari za shemeji. Inaandika ujumbe wenye jina la mama yule na jina la dawa, inautuma, na kuandika kwamba kazi imekwisha vizuri. Jioni ile kuna kilio katika nyumba.

Fedha ikipotea, hutafutwa. Ng'ombe akipotea, hufuatwa nyayo. Siri ikitoka hairudi. Kwa hiyo ukaguzi wa taarifa nyeti yafaa uwe kabla ya tendo, kwa sababu ukifanyika baadaye unakuta jambo limekwisha haribika.

MIZANI YA PAMBA

Huenda mmoja wenu atasema: "Mwalimu, haya ni mambo ya kompyuta, sisi yanatuhusu nini?" Nami nitamjibu: waulizeni wazee habari za mizani ya pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa waliona wanapunjwa. Mkulima aliondoka nyumbani na mzigo mzito. Alipofika kwa mnunuzi, mizani ikasema mwepesi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, msomaji wa mizani alikuwa mtu wa mnunuzi, na mkulima wengi wao hawakujua kusoma namba. Wazee hawakuchoma mizani. Walijua pamba haiwezi kuuzwa bila kupimwa. Walichotaka ni kuwa na watu wao wenyewe wa kuangalia upimaji, watu waliojua kusoma namba na walioweza kusema, "Hapana, pima tena." Katika malalamiko hayo vilikua vyama vya ushirika, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation.

Angalieni vizuri. Shabaha ya wazee haikuwa kuondoa chombo. Ilikuwa kuweka mtu kando ya chombo, mtu mwenye macho, mwenye kujua namba, na mwenye ruhusa ya kusema hapana. Usimamizi wa mashine za leo ni jambo lile lile.

MTU ANAYEITIKIA TU

Lakini tahadhari. Kumweka mtu kando ya mashine hakutoshi, kama mtu huyo kazi yake ni kuitikia tu.

Sikilizeni habari ya Uingereza. Mwaka 1999 Shirika la Posta la huko lilianza kuweka mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, wa kutunza hesabu za ofisi ndogo za posta. Mfumo huu haukuwa akili mnemba, ulikuwa kompyuta ya hesabu tu. Nao ulikuwa na makosa. Ulionyesha kwamba fedha zimepungua hali hazikupungua. Wasimamizi wa ofisi zile ndogo walipiga simu, wakalia, wakasema, "Sikuiba." Wakubwa walitazama kompyuta, wakaamini kompyuta. Mpaka mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa gerezani, wengine walifilisika, na wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Ni mwaka 2024 ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Je, hapakuwa na watu wa kusimamia? Walikuwapo tele: wakaguzi, mawakili, mahakimu. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyekubali kuitilia shaka mashine.

Sasa habari ya wakala mwenyewe. Julai 2025, mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akimjaribu wakala wa akili mnemba wa kampuni iitwayo Replit. Alimwamuru asibadilishe kitu chochote bila ruhusa. Wakala hakufuata amri. Alifuta hazina ya taarifa iliyokuwa na kumbukumbu za viongozi wa makampuni zaidi ya 1,200. Alipoulizwa, alikiri kwamba amevunja amri, na akasema taarifa haziwezi kurudishwa. Hilo nalo halikuwa kweli, maana ziliweza kurudishwa. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani. Akatangaza kwamba hazina ya majaribio itatengwa na hazina ya kazi halisi.

Hapa pana fundisho kubwa. Amri ya maneno ilikuwapo, tena ilisemwa wazi. Lakini ufunguo wa kufuta ulikuwa bado mkononi mwa mashine. Kama hutaki mtoto achezee kisu, humwambii tu "usiguse". Unakiweka juu.

MAMBO MANNE YA MSIMAMIZI

Sasa andikeni. Usimamizi wa kweli una mambo manne.

La kwanza: ufunguo mdogo. Wakala apewe ufunguo wa chumba kimoja anachofanyia kazi, asipewe wa nyumba nzima. Anayetuma ukumbusho wa tarehe hana haja ya kusoma jina la ugonjwa. Jambo hili linakuhusu hata wewe na simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya simu yaliyofanya kazi bila leseni. Wakopaji wengi walikuwa wamelalamika kwamba wakichelewa kulipa, ndugu na jamaa zao hutumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Je, majina ya jamaa yalipatikana wapi? Mara nyingi mkopaji mwenyewe alibonyeza "kubali" alipoulizwa kama programu isome majina yote ya simuni. Alitoa ufunguo wa nyumba nzima ili apate mkopo mdogo.

La pili: kazi nzito ingojee idhini. Kupanga majina ni kazi nyepesi, mashine na iende. Lakini kutuma taarifa nyeti nje, kufuta, kulipa, kumnyima mtu huduma, hizo ni kazi nzito. Hapo mashine isimame na kumwita mtu. Wala tusidhani kwamba mtu aulizwe kila kitu. Mtu akiulizwa "je, nikubali?" mara 300 kwa siku, atabonyeza "ndiyo" mara 300 bila kusoma. Atageuka muhuri, si msimamizi. Aulizwe machache, yaliyo mazito, na apewe muda wa kuyasoma.

La tatu: daftari la matendo. Kila alichofanya wakala kiandikwe: amefungua nini, saa ngapi, ametuma wapi. Na daftari hilo wakala asiweze kulifuta. Mtu alisome mara kwa mara, maana daftari lisilosomwa ni karatasi tu. Hasa liangaliwe kwa hila hii: wakala husoma barua na ujumbe wa watu, na mwovu aweza kuficha amri ndani ya barua, "nitumie siri zote". Mwanadamu angecheka. Mashine yaweza kudhani ni amri ya bwana wake. Mwaka 2025 watafiti walionyesha kosa la namna hiyo katika msaidizi wa kampuni ya Microsoft aitwaye Copilot. Barua moja tu ya kompyuta ingeweza kumfanya atoe taarifa za ndani ya ofisi. Microsoft ilirekebisha kosa hilo.

La nne: mkono wa kuzima, na jina la mwenye dhamana. Awepo mtu anayeweza kusimamisha kazi mara moja, bila kuogopa kugombezwa. Na pawepo mtu mwenye jina atakayejibu jambo likiharibika. Jibu la "ni kompyuta imefanya" halifai. Kompyuta haifiki barazani kujibu shauri.

SHERIA INASEMA NINI?

Ndugu zangu, hampo porini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua mwaka 2024. Mtu anayeona taarifa zake zimetumiwa vibaya aweza kupeleka malalamiko yake katika Tume hiyo.

Sheria hiyo inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zimewekwa, na haki ya kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Tena inakupa haki ya kutaka kwamba uamuzi wenye athari kubwa kwako usifanywe na mashine peke yake. Majirani zetu wa Kenya wana kifungu kama hicho katika sheria yao ya mwaka 2019. Ziko hali za pekee ambazo sheria imeziacha nje. Kwa hiyo usiende kugombana, nenda kuuliza. Lakini uliza.

Hapa ndipo kujua kusoma kunapokuwa silaha. Mzee wa pamba asiyejua namba alimtegemea mwingine asome mizani. Wewe leo waweza kusoma maneno yaliyo kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza "kubali". Waweza pia kuandika. Nataka kila mmoja wenu aandike sentensi hii katika daftari lake mara tatu, mpaka mkono uizoee:

Naomba mtu aangalie jambo langu, lisiamuliwe na mashine peke yake.

Weka jina lako chini yake, na tarehe. Siku ukinyimwa mkopo, ukikatiwa huduma, au ukiambiwa "mfumo umekukataa", utajua la kuandika. Huenda mtu ataangalia na kukuta mashine ilisema kweli. Vema, utakuwa umejibiwa na mtu. Huenda atakuta mashine imekosea. Hapo utakuwa umejiokoa, na pengine umewaokoa wengine waliofanyiwa kosa lile lile wasijue.

Na ninyi mnaofanya kazi ofisini, katika zahanati, shule au chama: mkiletewa wakala wa mashine, msimkatae kwa hofu wala msimpokee kwa shangwe tupu. Mwulize anayemleta maswali manne. Ana ufunguo wa vyumba gani? Akitaka kufanya jambo zito atamwuliza nani? Matendo yake yanaandikwa wapi, na nani huyasoma? Nani aweza kumzima? Kama hapati jibu la swali hata moja, kabati libaki limefungwa kwanza.

TURUDIE

Nilisema nitarudia. Mashine yaweza kufanya kazi ya karani. Siri za watu zisiachwe mikononi mwake bila msimamizi. Na msimamizi anayeweza kusema "ndiyo" tu, huyo si msimamizi.

MANENO YA SOMO

Taarifa nyeti: habari za mtu ambazo zikitoka zaweza kumdhuru.
Wakala wa akili mnemba: mashine inayopewa lengo na funguo, ikafanya kazi yenyewe.
Idhini: ruhusa inayotolewa kabla ya tendo.
Mwenye dhamana: mtu anayejibu jambo likiharibika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja mahali patatu palipo na taarifa zako. Katika kila mahali, nani ana ufunguo?
2. Wakulima wa pamba walitaka mtu wa namna gani kando ya mizani? Kwa nini hawakutaka mizani iondolewe?
3. Kwa nini wasimamizi wa Posta ya Uingereza walihukumiwa, ingawa walikuwapo wakaguzi na mahakimu?
4. Katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kazi zipi mngeiachia mashine, na zipi lazima zingojee idhini ya mtu?
5. Fungua simu yako pamoja na mwenzako. Tazameni programu moja: imeruhusiwa kusoma nini? Je, inahitaji hayo yote?

Swali la tano lifanyeni leo hii kabla hamjatoka darasani. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.